Kunoki, Kugonga na Kugogota: Istilahi za Milio ya Injini Baridi katika Njia ya Tunduma

Makala haya yanakusudia kueleza namna lugha ya mafundi wa magari ilivyokua katika njia kuu ya kwenda Zambia, na hatari inayomkabili mfasiri asiyeisikiliza. Tumechagua milio ya injini ya gari la zamani inapowashwa alfajiri ingali baridi, kwa kuwa hapo neno moja lililokosewa laweza kumgharimu mwenye gari injini nzima.

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru. Mwezi uliofuata, mafuta yaliyokuwa yakifika Zambia kwa njia ya kusini yalikatwa. Zambia ikaielekea Dar es Salaam. Malori yakapakia mapipa ya mafuta, yakapita Iringa, Mbeya na Tunduma, yakarudi na shaba. Barabara ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, hata walioiandika kwa Kiingereza wakaiita njia ya jehanamu. Bomba la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975; hata hivyo malori hayakukoma kupita Tunduma, mji ambao tangu mwaka 2016 umo katika Mkoa wa Songwe.

Majina ya vipuri yalipokewa kutoka Kiingereza: pistoni, silinda, beringi, gasketi. Hilo si jambo la kulaumiwa, kwani kitu kigeni huja na jina lake. Lakini milio haikuwa migeni. Kiswahili kilikuwa tayari na kugonga, kugogota, kutatarika, kukwaruza na kuvuma.

Tatizo limo katika neno kunoki. Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya kugonga, lakini katika gereji zetu maana imehama. Fundi asemapo "injini imenoki" hasemi kwamba inatoa mlio. Asema kwamba imekufa, na haina budi kufunguliwa yote. Kwa hiyo mfasiri wa kitabu cha ufundi akiandika "injini baridi hunoki kwa dakika chache", msomaji atashangaa: injini iliyokufa itafufukaje baada ya dakika chache?

Na tofauti hiyo ndiyo kiini cha uchunguzi wenyewe. Katika baridi ya Juni na Julai kwenye uwanda wa Mbozi, oili huwa nzito na hukawia kufika juu ya injini. Vali zenye nafasi kubwa hutoa mlio mwepesi wa haraka, ambao huenda kwa nusu ya mwendo wa krenki, kwa kuwa kila vali hufunguka mara moja katika mizunguko miwili. Pistoni iliyolika huyumba ndani ya silinda, ikatoa mlio mzito kidogo unaofifia pistoni ikipata joto na kutanuka. Gasketi ya bomba la moshi ikivuja, mlio hufanana na ule wa vali, nao pia huweza kutoweka chuma kinapotanuka. Injini ya dizeli hutatarika kwa sababu mafuta hukawia kushika moto ndani ya silinda baridi. Lakini beringi ya krenki iliyokwisha hutoa mdundo mzito, wa chini, ambao hauponywi na joto. Aghalabu huzidi oili inapokuwa nyepesi na injini inapobeba mzigo. Mdundo huo ukipuuzwa, hapo ndipo injini itakaponoki kweli.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kugogota litumike kwa mlio mwepesi wa vali. Kugonga kwa mlio wa pistoni. Kudunda kwa beringi. Na kutatarika kwa dizeli baridi. Kunoki libaki na maana liliyopewa na mafundi, yaani kufa kwa injini, wala lisirudishwe kwenye maana ya Kiingereza kwa sababu tu sauti zinafanana.

Walimu wa vyuo vya ufundi na wafasiri wa vitabu vya matengenezo wanaombwa kuyapima mapendekezo haya gerejini kabla ya kuyaandika. Istilahi huthibitishwa na mtumiaji wake, na kwa jambo hili mtumiaji ndiye aliyeinama juu ya injini alfajiri, akitega sikio.