Harusi iliyoishinda serikali

Tangu Komoro ijitangazie uhuru Julai 6, 1975, mapinduzi na majaribio ya mapinduzi yamepita 20. Marais wameuawa, wamefukuzwa, wamerudishwa madarakani na mamluki wa Kizungu waliotua ufukoni usiku. Anayeisoma historia hiyo kwa haraka atadhani visiwa hivi havina kitu kilichosimama. Lakini Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote na ndiko uliko mji mkuu, Moroni, kuna utawala wa pili: utawala wa wanaume waliokwisha kufunga harusi kubwa, wenyewe huiita anda. Huo ulipigwa marufuku mara moja tu, na aliyeupiga marufuku hakumaliza miaka mitatu.

Mwanamume wa Ngazija anaweza kuoa kwa harusi ndogo, akazaa, akasoma mpaka shahada ya juu, akawa hata waziri. Kama hajafanya anda, kwao bado ni mnamdji, mwana wa mji, ndevu zikiwa nyeupe au nyeusi. Bangweni, yaani kwenye uwanja wa wazee, atasikiliza na hatasikilizwa. Siku akiikamilisha, anavaa joho, anatupia mharuma begani, na tangu hapo ni mdru mdzima, mtu aliyetimia. Msikitini ana nafasi mbele. Ugomvi wa shamba, fedha za mji, fitina na mji jirani: yote hupita mikononi mwa watu wa daraja lake na la juu yake.

Kufika huko si mchezo. Kuna ng'ombe wa kuchinja, magunia ya mchele, ngoma za siku kadhaa, bahasha za wazee, dhahabu ya bibi harusi. Hirimu yake, wale aliokua nao, wana haki ya kudai karamu, na hawaoni haya kudai. Kila alichokula kwenye anda za wenzake ni deni, na kila alichotoa ni akiba. Mji mzima unadaiana, na hesabu hazifungwi.

Upande wa mwanamke ndio unaowashangaza wageni zaidi. Pitia vijiji vya Ngazija uone nyumba za matofali zisizokwisha, nondo zimechomoza juu kama zinasubiri kitu. Zinasubiri binti. Baba, mama, kaka na wajomba huanza kumjengea msichana angali mdogo, chumba leo, ukuta mwakani, pesa zikipatikana. Harusi ikifika, bwana harusi ndiye anayehamia kwa mkewe. Wakiachana, anayefunga mizigo ni yeye. Mashamba mengi nayo ni manyahuli, mali ya ukoo inayopita kwa wanawake, mama kwa binti, wala haiuzwi ovyo. Sheria ya mirathi ya Kiislamu inasema vingine, na Wangazija wameishi na vyote viwili kwa vizazi vingi. Wala hakuna wa kuwafundisha dini: Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi mashuhuri wa Unguja, alizaliwa Itsandra mwaka 1861, na Habib Saleh aliyeanzisha msikiti wa Riyadha kule Lamu alitoka kisiwa hicho hicho.

Zamani Ngazija ilikuwa na masultani wengi waliopigana bila kuchoka, mmoja wao akijitahidi kuwa mkubwa wa wote. Said Ali wa Bambao alitafuta msaada nje. Mwaka 1885 alitia saini mkataba na Léon Humblot, Mfaransa aliyekuja kukusanya mimea, uliompa ruhusa ya kulima popote alipotaka. Mwaka uliofuata Ufaransa ikaweka himaya yake. Mtaalamu wa maua akageuka bwana wa kisiwa, sultani akaishia uhamishoni, na kufikia 1912 visiwa vyote vilikuwa koloni lililounganishwa na Madagaska. Usultani ulikufa. Anda haikufa, na nadhani ilipata nguvu zaidi, kwa kuwa heshima ndiyo mali pekee ambayo kampuni ya Humblot haikuweza kuipima kwa ekari. Vijana walivuka bahari kwenda Unguja na Majunga, Madagaska, kutafuta pesa, na nyingi zilirudi kuwa karamu.

Ndipo akaja Ali Soilihi. Alikuwa mtaalamu wa kilimo, mzaliwa wa Majunga, na aliona kuwa nchi isiyo na mito, katika kisiwa chake kikubwa ambako mvua yote hunywewa na mawe ya volkano, haiwezi kuchinja utajiri wake mjini kwa siku moja. Rais wa kwanza, Ahmed Abdallah, alipinduliwa Agosti 3, 1975, kabla uhuru haujatimiza mwezi. Soilihi akashika urais Januari 1976. Ufaransa ilikuwa imekwisha kuondoa watu wake na misaada yake, na ikabaki na kisiwa cha Mayotte, kilichokataa uhuru katika kura ya Desemba 1974. Mwishoni mwa 1976 Wakomoro wa Majunga walishambuliwa na kuuawa kwa mamia, na maelfu wakarudishwa kwa ndege za Sabena, mikono mitupu. Mpaka leo wanaitwa Wasabena.

Katikati ya dhiki hiyo Soilihi alipiga marufuku anda na buibui, akafukuza watumishi wa umma, akachoma nyaraka za serikali na kuwakabidhi madaraka vijana wa umri wa shule. Sababu zake nyingi zilikuwa za kweli. Lakini fikiria mzee aliyelimbikiza miaka 30 ili apate kusema bangweni, akiamrishwa na mtoto mwenye bunduki. Machi 1978 askari walifyatulia watu risasi Iconi. Mei 13 Bob Denard, mamluki Mfaransa aliyekuwa amemsaidia Soilihi hapo awali, alitua na watu wasiopungua 40. Mwisho wa mwezi Soilihi alikuwa maiti, Abdallah amerudi, na ng'ombe wakaanza kuchinjwa tena.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Abdallah aliuawa ikuluni Novemba 1989, walinzi wake wakiwa watu wa Denard. Denard alijaribu tena 1995, safari hii Wafaransa wakamkamata. Kisiwa cha Nzwani kilijitenga 1997, kikaomba kurudi Ufaransa, kikakataliwa. Mapatano ya Fomboni ya 2001 yakaleta urais wa zamu kati ya visiwa. Na Machi 2008 askari wa Tanzania na Sudan walishuka Nzwani kumng'oa rais wa kisiwa hicho, Mohamed Bacar. Huko Nzwani na kisiwani Mwali harusi kubwa haina uzito wa Ngazija, na huenda ndiyo maana siasa za visiwa hivi haziendi kwa mwendo mmoja.

Leo anda nyingi huanzia Marseille. Mtu huosha vyombo au huendesha teksi miaka 15, halafu Julai au Agosti hushuka Moroni na masanduku, akatumia vyote, akarudi Ufaransa na mkopo. Wapo wanaolalamika, hasa vijana waliozaliwa huko. Wapo wanaojibu kwa kuonyesha msikiti, shule na barabara ya kijiji, kwani sehemu ya malipo huingia mfuko wa mji, na serikali ya Moroni imejenga vichache kuliko mfuko huo.

Baadhi ya miji imejiwekea kanuni za kupunguza gharama: ngoma chache, vikomo vya dhahabu na karamu. Kanuni hizo hazikutoka bungeni. Zilipitishwa bangweni, na waliozipitisha ni wale wale waliokwisha kulipa.