Wekundu Hutangulia Uimara: Historia ya Udongo, Moto na Rangi kutoka Urewe hadi Mutakura

1. Utangulizi

Mutakura ni mtaa wa ukanda wa Cibitoke, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, katika uwanda wa Imbo unaotandaa chini ya milima inayogawa maji ya Kongo na ya Naili. Katika vitongoji vya upande huo wa jiji hutumika aina mbili za matofali: tofali bichi, lililokaushwa kwa jua tu, na tofali la kuchoma. La kwanza hubaki na rangi ya udongo uliolizaa. La pili huwa jekundu. Makala haya yanachunguza historia ya tofauti hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba rangi ya udongo uliochomwa ni ushahidi wa mabadiliko yaliyotokea ndani yake, lakini ni ushahidi usiojitosheleza, kwa kuwa wekundu hutangulia uimara.

2. Moto na umbo la ndani

Udongo wa mfinyanzi umejengwa kwa matabaka membamba ya madini yaliyopangana kama kurasa za kitabu. Jua huondoa maji yaliyo baina ya chembe, bali haligusi mpangilio wa madini yenyewe. Ndiyo maana tofali la jua likirudishiwa maji hurudi kuwa tope.

Moto hufanya kazi kwa hatua. Kwenye nyuzi joto 250 hadi 350 hivi za sentigredi, madini ya chuma yenye rangi ya manjano au kahawia hupoteza maji yake na kugeuka kuwa hematiti. Hematiti hufyonza mwanga wa buluu na wa kijani na kurudisha ule mwekundu, hivyo jicho huona wekundu. Kwenye nyuzi 450 hadi 600, kaoliniti, ambayo ni madini makuu ya udongo mwingi wa mfinyanzi, hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya umbo lake. Baada ya hatua hiyo udongo haurudi tena kuwa tope. Joto likifikia nyuzi 850 hadi 900 na kuendelea, sehemu ndogo ya udongo huanza kuyeyuka na kuzishikamanisha chembe. Likipita 1000, chembe za hematiti hukua, na wekundu huelekea rangi ya damu ya mzee.

Hewa nayo ina sehemu yake. Moto unaopata oksijeni ya kutosha hutoa wekundu. Moto ulionyimwa hewa hutoa rangi ya kijivu au nyeusi, hata kama udongo ni ule ule. Kwa hiyo chombo kimoja huweza kuwa chekundu nje na cheusi moyoni: moto ulifika juu, lakini muda na hewa havikutosha kufika katikati.

3. Ushahidi wa kale

Elimu hii ni kongwe katika eneo la Maziwa Makuu. Vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali palipo magharibi mwa Kenya na kuelezwa kitaalamu mwaka 1948, vimepatikana pia Uganda, Buhaya, Rwanda na Burundi, mara nyingi pamoja na mabaki ya uyeyushaji wa chuma. Mwaka 1983 Van Grunderbeek, Roche na Doutrelepont walichapisha utafiti wao kuhusu Zama za Chuma za mwanzo nchini Rwanda na Burundi. Baadhi ya tarehe walizopata kutokana na makaa zilirudi nyuma sana hata zikazua mjadala mrefu, kwani makaa hutaja umri wa mti, wala si lazima yataje siku ulipowashwa moto. Udongo uliochomwa hujibu swali jingine: moto ulikuwa mkali kiasi gani, na ulipewa hewa kiasi gani.

Pwani nako moto uligeuza mawe. Matumbawe yalichomwa katika tanuri yakawa chokaa nyeupe, iliyoshikanisha kuta za Kilwa na Gede. Jina tanuri lilitoka katika Kiarabu, na kazi hiyo ikalifanya kuwa la Waswahili. Bara, misheni za Muyaga (1898) na Mugera (1899) nchini Burundi zilifuatwa na majengo ya kanisa na ya utawala ambamo tofali la kuchoma likawa alama ya jengo la kudumu.

4. Ushahidi wa lugha

Kiswahili hakikuliweka tofali mbali na jiko. Tofali ambalo halijachomwa ni bichi, kama ndizi au nyama. Lililochomwa vyema limeiva. Kirundi nacho husema amatafari ahiye, yaani matofali yaliyokwisha kupitia motoni. Kuiva ni neno la ndani: tunda huweza kubadilika rangi ganda likiwa limetangulia nyama yake. Mchomaji anayesema kwamba tofali ni jekundu lakini halijaiva hajikanushi. Anatofautisha hatua mbili ambazo maabara huzitenganisha kwa nyuzi joto mia mbili au zaidi. Naye ana vipimo vyake: tofali lililoiva hulia likigongwa na huvumilia kulowekwa, lisiloiva hutoa sauti butu na kumeguka majini.

5. Gharama ya kutotofautisha

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa ilishusha maji na matope kutoka milimani hadi vitongoji vya kaskazini mwa Bujumbura. Watu zaidi ya 60 walifariki, na nyumba nyingi zilizoporomoka zilikuwa za matofali mabichi. Ni rahisi kuhitimisha kwamba dawa ni kujenga kwa matofali mekundu. Lakini kuni ni ghali, na anayezipunguza katika tanuri hupata matofali ya pembezoni yaliyopata wekundu bila kupata uimara. Tena udongo wa milima mingi ya Burundi ni mwekundu kabla haujaona moto. Anayenunua kwa macho tu huweza kulipia rangi.

6. Hitimisho

Historia ya udongo kutoka Urewe hadi Mutakura inaonyesha kwamba joto hubadilisha umbo kwanza, na rangi ni habari inayotufikia kutoka huko ndani, wakati mwingine kabla kazi haijakamilika. Wanaosanifu istilahi za ujenzi na za sayansi ya maada hawana haja ya kuagiza kila neno kutoka nje. Neno kuiva tayari linabeba dhana ya badiliko lisilorudi nyuma, na linastahili kuingizwa katika miongozo ya ujenzi kwa maana hiyo, likiandamana na vipimo vya sauti na maji ambavyo mafundi wamevitumia siku zote.