Shahidi Asiye na Ulimi: Kemia na Asili ya Madawa ya Kulevya

Ushahidi ni amana. Mwenye kushuhudia anatakiwa aseme alijualo, asilifiche wala asilizidishie. Tumezoea kumfikiria shahidi kuwa ni mtu aliyesimama mbele ya kadhi au hakimu. Lakini elimu ya kemia imeleta mahakamani shahidi wa namna nyingine asiye na ulimi, nao ni ule unga wa kulevya uliokamatwa. Ndugu msomaji, katika makala haya tutaeleza jinsi unga huo ulivyopata kusemeshwa, ni nini unachoweza kutuambia juu ya ulikotoka, na ni wapi unapolazimika kunyamaza.

Kasumba, au afyuni kama iitwavyo kwa Kiarabu, ni utomvu utokao katika tunda bichi la mmea wake linapochanjwa. Waganga wa zamani waliijua vizuri. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliieleza katika kitabu chake cha Qanun kuwa ni dawa ya kutuliza maumivu, na akatahadharisha kwamba yaweza kumwua mtu. Hata hivyo, kwa karne nyingi hapakuwa na aliyejua ni kitu gani hasa ndani ya utomvu huo kinacholeta usingizi na mauti. Mwanzoni mwa karne ya 19 kijana mmoja wa Kijerumani aliyefanya kazi katika duka la dawa, Friedrich Sertürner, alifaulu kuitenga mofini. Baada ya hapo wataalamu walitenga na nyingine: kodeini, thebaini, papaverini na noskapini. Jamii hii yote ikaitwa alkaloidi, jina ambalo mzizi wake ni neno la Kiarabu al-qali, yaani majivu ya mimea.

Mwaka 1874 mkemia C. R. Alder Wright, katika mji wa London, aliichemsha mofini pamoja na asetiki anhidridi akapata kitu kipya. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ilianza kukiuza kuwa ni dawa ya kikohozi, kwa jina la heroini. Kilichotarajiwa kuwa tiba kikageuka msiba, na heroini ikawa bidhaa ya magendo.

Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1896, Eduard Marquis aligundua dawa ya majimaji ambayo hugeuka rangi ya zambarau ikitiwa mofini au heroini. Dawa hiyo ingali mikononi mwa askari hata leo. Lakini yafaa tuelewe kwamba rangi si hukumu. Viko vitu vingine vinavyoweza kuibadilisha rangi hiyo, na kwa hiyo jibu lake ni dalili tu ya kumfanya askari aupeleke unga maabara. Mwenye kumhukumu mtu kwa rangi peke yake amemdhulumu.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili swali lilikuwa kubwa zaidi: si "hiki ni nini?" tu, bali "kimetoka wapi?" Kasumba ya magendo ilikuwa ikikamatwa bandarini, na ilikuwa rahisi kwa kila nchi kukana kuwa ni yake. Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa ukaanzisha utafiti wa kutambua asili ya kasumba kwa njia za kemia, na mwaka 1954 Baraza Kuu likapitisha azimio la kuwa na maabara yake. Nchi ziliombwa zipeleke sampuli halali za mashamba yao. Wakemia wakapima kiasi cha kila alkaloidi, na hata madini yaliyomo katika majivu ya kasumba, kwa kuwa udongo, hali ya hewa na aina ya mbegu huacha alama zao katika mmea.

Kwa upande wa heroini kazi ni ngumu zaidi, kwani mkono wa mwanadamu umekwisha kupita hapo. Lakini mkono huo nao huacha alama. Anayeitengeneza kwa haraka huacha ndani yake papaverini na noskapini nyingi, na hali hii huonekana sana katika heroini ya kusini-magharibi mwa Asia. Mafundi wa kusini-mashariki mwa Asia waliisafisha mofini zaidi kabla ya kuipika, kwa hiyo vitu hivyo huwa haba au havimo. Viyeyushi vilivyotumika navyo hubakiza chembe zao. Mwaka 1977 Marekani ilianzisha mpango maalumu wa kuzisoma alama hizi. Mwaka 2000 wataalamu walitangaza katika jarida la Nature kwamba, kwa kupima isotopu za kaboni na nitrojeni pamoja na alkaloidi mbili ndogo, waliweza kutambua asili ya majani ya koka 96 katika kila 100, kwa sampuli 200 za Bolivia, Kolombia na Peru.

Hapana budi pia kutenganisha maswali mawili. La kwanza ni la eneo lililotoa unga. La pili ni la kulinganisha: je, kete iliyokamatwa kwa mchuuzi wa kichochoroni ni ya fungu moja na gunia lililokamatwa kwa tajiri? Hapa mkemia hutazama hata vitu vilivyochanganywa ili kuongeza uzito, kama vile parasetamoli na kafeini. Kwa njia hii polisi huweza kupanda kutoka kwa mtu mdogo mpaka kwa mwenye mali.

Sasa tutazame mfano mmoja. Mwezi wa Aprili 2003 meli ya Korea ya Kaskazini iitwayo Pong Su ilifika pwani ya Victoria, Australia. Heroini ilishushwa ufukweni kwa mashua ndogo, na baadaye kilo 125 zikakamatwa. Ingalikuwa rahisi kusema: meli ni ya nchi fulani, basi na unga ni wa nchi hiyo. Lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba heroini ile haikufanana na ile ya maeneo yaliyojulikana: kusini-mashariki mwa Asia, kusini-magharibi mwa Asia, Amerika ya Kusini wala Mexico. Wakemia walisema hivyo, wakakomea hapo. Kemia hulinganisha, na panapokosekana sampuli halali ya kulinganishia haiwezi kulitaja shamba ambalo haijapata kuliona. Mwaka huohuo wa 2006 nahodha na maofisa watatu wa meli waliachiliwa na mahakama, ambapo waliohusika na kazi ya ufukweni walifungwa. Unga huweza kutaja sifa za asili yake, lakini hauwezi kusema ni nani aliyejua na nani asiyejua.

Mambo haya hayako mbali nasi. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi katika bahari iliyo mbele ya pwani ya Kenya. Bahari iliyotuletea tende na mazulia imekuwa njia ya sumu hii, na vijana wa miji yetu ya pwani wanaijua kwa jina la unga. Jamii iliyoumizwa hivyo hutamani kulipiza kisasi upesi, na yeyote anayetajwa huonekana ni mkosaji.

Hapo ndipo tunapohitaji adabu ya yule mkemia. Ana nguvu ya kumfikia tajiri aliyejificha nyuma ya wachuuzi, na nguvu hiyo haina budi itumike. Lakini heshima ya ushahidi wake imo katika kutosema zaidi ya alilolipima. Vita dhidi ya madawa ya kulevya ni vita vya haki, navyo havishindwi wala kushindiwa kwa dhana. Asiyetofautisha baina ya dalili na yakini atamfunga asiye na hatia, na mwenye mali ataendelea kulala salama.