Flaiwili: Je, gurudumu linaweza kuusaidia usukani wa ndege?

Injini zote za ndege zikizimika angani, ndege haidondoki kama jiwe. Huteleza ikishuka taratibu. Swali ni je, rubani ataiongozaje? Katika ndege kubwa, mabapa ya mabawa na mkia husukumwa kwa haidroliki au umeme, na nguvu hizo kwa kawaida hutoka kwenye injini zilezile.

Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 juu ya Kanada, baada ya vipimo vya paundi na kilo kuchanganywa wakati wa kujaza. Pangaboi dogo la dharura lilichomoza tumboni mwa ndege, likazungushwa na upepo na kuendesha pampu ya haidroliki. Ndege ilitua Gimli, na watu wote 69 walinusurika. Lakini kadiri ndege ilivyopunguza kasi ili itue, ndivyo pangaboi lilivyokosa upepo, na kuiongoza kukawa kugumu zaidi.

Flaiwili ni nini?

Ni gurudumu zito linalohifadhi nguvu kwa kuzunguka. Tazama cherehani ya miguu: ukiacha kukanyaga, gurudumu lake huendelea kuzunguka kidogo. Katika flaiwili ya kisasa, mota ya umeme hulizungusha gurudumu. Umeme ukikatika, mota hiyohiyo hugeuka jenereta. Kasi ikiongezeka mara 2, nguvu iliyohifadhiwa huongezeka mara 4. Kituo cha NASA Glenn, Ohio, Marekani, kiliunda flaiwili ya mizunguko 60,000 kwa dakika, ikielea kwa sumaku ndani ya chombo kisicho na hewa ili kupunguza msuguano. Hiyo ilikusudiwa vyombo vya anga za juu.

Faida na hasara

Flaiwili hutoa nguvu nyingi kwa ghafla, na huvumilia kujazwa na kutumiwa mara nyingi kuliko betri. Lakini ikipasuka, vipande huruka kama risasi, hivyo huhitaji ganda imara, na ganda huongeza uzito. Pia gurudumu linalozunguka hukataa kupindishwa ndege inapokata kona. Dawa yake ni kufunga mawili yanayozunguka kinyume.

Zaidi ya hayo, nguvu zake ni za muda mfupi, ilhali kuteleza hadi uwanjani kunaweza kuchukua robo saa. Kwa hiyo flaiwili haiwezi kuchukua nafasi ya pangaboi. Kazi inayoifaa ni kuziba pengo: sekunde za kwanza kabla pangaboi halijashika kasi, na zile za mwisho kabla matairi hayajagusa ardhi.