Manzese Haikungoja Ruksa

Unga wa mahindi ya njano uliokuja kwa meli kutoka Marekani ulipewa jina la Yanga mitaani Dar es Salaam, kwa sababu ya jezi za njano za klabu ya Yanga ya Jangwani. Washabiki wa Simba, watani wao, nao waliusonga wakala. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na cha kuchagua.

Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara mbili, mwaka 1973 na 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Kisha majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera Oktoba 1978, na ingawa Kampala ilianguka Aprili 1979, vita vilikuwa vimemaliza hazina. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo iliisha, mkanda haukulegezwa.

Sukari na sabuni zilipatikana kwa mgawo kwenye duka la kaya, zikipatikana. Watu walipanga foleni alfajiri, mwingine akiacha jiwe limshikie nafasi. Sabuni ilipokosekana kabisa, nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai, na viatu vya wengi vilikuwa katambuga za tairi.

Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianza kuwasaka walanguzi. Sheria ya uhujumu uchumi ilipitishwa baada ya kamatakamata kuanza, na mali iliyofichwa ikatupwa usiku vichakani na baharini. Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili 12, 1984, anapendwa hadi leo, na sababu zipo: hakuna aliyemshuku kwamba alikuwa na ghala lake. Lakini msako haukujaza maduka. Bidhaa hazikuwepo kwa sababu viwanda havikuwa na malighafi wala vipuri, na kwa hilo polisi hawakuwa na dawa.

Mwaka huohuo wa 1983 ikaja kampeni ya Nguvu Kazi. Wasio na ajira walikamatwa mjini na kupelekwa vijijini na mashambani. Tabu ilikuwa kujua nani hana kazi. Mama anayekaanga maandazi Manzese tangu usiku wa manane, na seremala wa Keko asiye na kitambulisho cha mwajiri, hao ni wazururaji? Mwenye kitambulisho naye hakuwa na nafuu. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyefanya kazi Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980, anaonyesha kwamba thamani ya mshahara ilishuka kwa asilimia 83 kati ya 1974 na 1988. Karani akafuga kuku, mwalimu akauza barafu za watoto, bosi akaweka ng'ombe wa maziwa uani. Kila nyumba ikawa na mradi, na sehemu kubwa ya kipato ilitoka huko.

Miradi mingi ilishikwa na wanawake. Mshahara wa mume ulikuwa ukiisha wiki ya kwanza. Siku zilizobaki jikoni kuliwaka kwa fedha ya vitumbua. Mabadiliko hayo hayakutangazwa redioni, lakini mimi nayaona makubwa kuliko kampeni zote za wakati ule.

Serikali ikaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wadogo walipewa leseni za Nguvu Kazi. UDA, shirika la mabasi lililoundwa 1974, lilikuwa limezidiwa, na watu walikuwa wakipanda kwa kificho magari ya watu binafsi, zikiwemo chai maharage, zile pikapu za mabenchi ya kutazamana. Mwaka 1983 daladala zikaruhusiwa. Bajeti ya 1984 ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa.

Kwa hiyo Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu Novemba 1985 na kuitwa Mzee Ruksa, wauzaji wa Manzese walikuwa wameshaizoea ruksa bila kupewa. Walichopata kipya kilikuja na mkataba wa IMF wa 1986: shilingi kushushwa thamani, na baadaye kuchangia gharama za shule na hospitali. Rafu za maduka zilijaa, wengi wakaishia kuziangalia.

Viongozi wa chama walisubiri zaidi. Februari 1991, huko Zanzibar, masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha yalilegezwa: kiongozi akaruhusiwa kuwa na mishahara miwili, kununua hisa na kupangisha nyumba. Mabanda yao ya kuku huko Oysterbay yalikuwa yamesimama miaka kadhaa tayari.