Kemia ya Glukosi yenye Florini-18, 1976–1986

Mnamo Agosti 1976, shehena ndogo ya glukosi iliyotiwa florini-18 ilisafirishwa kwa ndege kutoka maabara ya Brookhaven, New York, hadi Philadelphia, ambako watu wawili waliojitolea walidungwa ili ubongo wao upigwe picha. Haraka hiyo ilikuwa na sababu: kila baada ya dakika 110 nusu ya florini-18 hutoweka.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, ilikwisha kutokea maabarani. Tatsuo Ido na wenzake walitumia gesi ya florini, ambayo molekuli yake ina atomu mbili. Moja tu ndiyo iliyoweza kuingia katika sukari. Kwa hiyo angalau nusu ya mnururisho ilipotea, hata mkemia awe hodari kiasi gani. Wanaosifu mashine za kupigia picha peke yake huisahau kasoro hii.

Ilirekebishwa Jülich, Ujerumani, mwaka 1986. Hamacher, Coenen na Stöcklin waliiacha gesi, wakatumia ioni ya floridi, yenye atomu moja tu, iliyopatikana katika maji yenye oksijeni-18. Mavuno yalipanda sana, na utengenezaji mmoja ukaweza kutoa dozi za wagonjwa kadhaa.