Kukoleza Besi

Muuza spika ndogo za Bluetooth hapa Kinyerezi hahitaji maneno mengi. Akisema "hii ina besi", mteja ameshamwelewa. Neno ni la kukopa, lakini limekwishakuwa letu: mwanakwaya huimba besi, na bendi za dansi zina gitaa la besi kando ya solo na rizimu. Sioni sababu ya kulifukuza. "Mdundo" haliwezi kushika nafasi yake, kwani singeli ina mdundo hata ikipigwa kwenye simu. Kinachopotea ni besi, yaani sauti za mitetemo kama 20 hadi 250 kwa sekunde.

Kitufe cha besi ndicho kinachohitaji jina. Wengi husema "kuongeza besi". Mimi natetea "kukoleza besi". Moto hukolezwa ukiwa umeshawaka, na kitufe kile nacho hakina uwezo wa kuleta besi ambayo spika yenyewe haiwezi kuitoa.

Kwa nini haiwezi? Umeme wa mitambo ya gesi ya hapa Kinyerezi, kama umeme wote wa gridi ya Tanzania, hutetemeka mara 50 kwa sekunde. Sauti ya kiwango hicho ni besi hasa. Uzi mnene wa gitaa la besi hushuka hadi 41. Wimbi la sauti ya 50 hewani lina urefu wa karibu mita 7, kupita sebule nyingi za mtaani. Sasa kipe kazi hiyo kiwambo cha spika chenye upana wa sentimita 4 au 5! Mitetemo ikipungua kwa nusu, kutoka 100 hadi 50, kiwambo hulazimika kwenda mbele na nyuma umbali mara nne ili kutoa sauti yenye nguvu ileile. Nafasi hiyo hakina. Ndiyo maana spika nyingi huwekewa pembeni kiwambo kingine kisicho na koili, kinachotikiswa na hewa iliyofungiwa ndani. Hicho ningekiita kiwambo cha kuitikia.

Besi ikikolezwa, chaji huisha upesi. Tena spika nyingi, sauti ikipandishwa mpaka mwisho, hupunguza besi zenyewe ili kiwambo kisipasuke. Mteja hudhani spika imeharibika, kumbe inajilinda. Airudishe sauti katikati, besi itarudi.

Sikio nalo husaidia. Likipata mitetemo ya 100, 150 na 200 kwa pamoja, ubongo husikia noti ya 50 hata kama spika haikuitoa. Watengenezaji wengine huitumia hila hiyo makusudi, nami naihesabu kuwa ufundi halali. Ila besi ya namna hiyo haitikisi kifua. Anayetaka kutikiswa anunue sabufa.

Asiye na fedha ya sabufa aisogeze spika yake kwenye kona, karibu na kuta mbili na sakafu. Sauti za chini ambazo zingetawanyika kila upande hurudishwa chumbani, na besi hukolea bila kugusa kitufe.